Damu ya Vidonge Ipewe Jina Lake

Kila lugha ina maneno ambayo wenyewe huyatoa kwa tahadhari, na Kiswahili hakikukosa yake. Mwanamke wa mwambao hasemi kwa wepesi kwamba anatokwa na damu. Husema yumo mwezini, au yumo katika siku zake, au kwamba leo hasali, na aliyezoea mazungumzo hayo humwelewa bila ya kuuliza zaidi. Binti akiuona mwezi wake wa kwanza amevunja ungo. Neno hedhi lenyewe, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina adabu ya kitabuni. Yote haya ni maneno ya stara wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba neno hedhi tumelibandika juu ya kitu ambacho si hedhi, na ubandikaji huo unawagharimu wanawake wetu afya, fedha na, mara nyingine, mimba wasiyoikusudia.

Nazungumzia damu anayoiona mwanamke anayemeza vidonge vya kupanga uzazi, vile vya kawaida vyenye homoni mbili, estrojeni na projestojeni. Pakiti inayotolewa katika vituo vingi vya afya vya umma Afrika Mashariki ina vidonge 28. Kati ya hivyo, 21 vina homoni. Saba vilivyobaki, vyenye rangi ya kahawia, havina homoni yoyote. Ni madini ya chuma ya kuongeza damu. Mwanamke akivifikia hivyo saba, homoni hukatika mwilini, na baada ya siku mbili au tatu damu hutoka. Yeye husema ameingia mwezini. Muuguzi naye huandika hivyo hivyo.

Hebu tuangalie hedhi ni nini. Mwanamke asiyetumia dawa, kila mwezi ovari yake hupevusha yai, na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hujijenga na kunenepa ili kulipokea yai hilo litakapotungwa. Yai lisipotungwa, homoni hushuka zenyewe, utando hubomoka na kutoka pamoja na damu. Mwanamke anayemeza vidonge hapitii hayo. Yai halipevuki, ndiyo kazi ya kidonge. Utando hubaki mwembamba. Damu inayotoka katika zile siku saba ni mwitikio wa mwili kwa dawa iliyokatizwa ghafla. Madaktari wanalijua hilo tangu zamani, na wao kwa wao wanayo istilahi yake, inayoitofautisha damu hii na ile nyingine. Wakimgeukia mgonjwa, huirudia hedhi. Nadhani wanafikiri wanarahisisha mambo.

Kwamba hawarahisishi, nilibainikiwa vizuri Kiboko. Msomaji anayesafiri kwa barabara kuu ya Mombasa anaifahamu Kiboko, kwa kuipita kama si kwa kushuka: kiasi cha kilomita 160 kutoka Nairobi, kabla hujafika Makindu, penye kituo cha utafiti wa kilimo na chemchemi zinazoufanya ukanda ule uwe wa kijani ilhali sehemu kubwa ya Makueni imekauka. (Jina lenyewe ni la mnyama, na pia ni la mjeledi uliokuwa ukitengenezwa kwa ngozi yake; lakini hayo ni ya siku nyingine.) Nilikuwa nikikusanya maneno ya wakulima wa nyanya na vitunguu wanaomwagilia mashamba kwa maji ya mto, na kama ilivyo ada, wanawake walipochoka kunitajia majina ya majembe na wadudu, wakaanza mazungumzo yao. Mmoja alikuwa ameacha sindano ya kupanga uzazi baada ya mwaka mmoja kwa sababu damu ilikuwa imepotea kabisa. Mwenzake alikuwa ameambiwa na dada yake wa Nairobi kwamba mtu anaweza kuviruka vile vidonge vya kahawia, akaanza pakiti mpya papo hapo, na asione damu hata miezi mitatu. Alitaka sana, kwa kuwa siku za kuvuna ni ngumu na choo kiko mbali. Lakini aliogopa. Akanigeukia: "Sasa wewe mwalimu, umesoma. Hiyo damu isipotoka, inaenda wapi?"

Swali hili si la ujinga. Ni swali la mtu anayeifuata lugha yake kwa uaminifu hadi mwisho. Tukiambiwa kwamba kinachotoka kila mwezi ni hedhi, na hedhi tumelelewa kuijua kuwa ni damu chafu ambayo lazima mwili uitoe, basi isipotoka imebaki. Ikibaki imejaa. Ikijaa italeta uvimbe, itapanda kichwani, itamfanya mtu awe tasa. Kila hatua ya fikra hiyo ni sahihi kwa mantiki ya maneno tuliyompa mama yule. Kosa liko katika neno la kwanza. Na jibu lake ni fupi. Damu hiyo haikwenda popote, kwa sababu haikuwekwa popote. Utando usipojengwa hakuna cha kubomoka. Mkulima wa Kiboko huelewa upesi: mahali ambapo hukupanda mahindi, huulizi magunia yako yamekwenda wapi.

Kuhusu yule wa sindano, ile inayochomwa kila baada ya miezi mitatu, yapata nusu ya wanaoitumia kwa mwaka mzima hawaoni damu tena. Hivyo ndivyo dawa inavyofanya kazi, na ilimpasa kuambiwa siku ya kwanza. Hakuambiwa, au aliambiwa kwa maneno ambayo hayakumfikia, naye akaiacha kinga asijitafutie nyingine. Kwa mujibu wa Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022, asilimia 57 ya wanawake walioolewa nchini Kenya wanatumia njia za kisasa za kupanga uzazi. Nchi hii ilianzisha mpango wake wa kitaifa mwaka 1967, wa kwanza kusini mwa Sahara. Ni aibu kwamba zaidi ya nusu karne baadaye tunawapa wanawake dawa bila ya kuwapa msamiati wa kuielewa.

Lazima niongeze tahadhari moja hapa, isije ikasomwa vibaya. Mwanamke ambaye hatumii dawa yoyote ya homoni na ambaye mwezi wake umekatika, hayo niliyoyasema hayamhusu. Huyo aende apimwe, kwani huenda ni mimba, na huenda ni maradhi.

Hizo siku saba zilitoka wapi? Wengi husimulia kwamba ziliwekwa ili kumridhisha Papa, na kisa hicho kina chembe ya kweli, ingawa hakikuanzia hapo. Mapema katika miaka ya 1950, John Rock, daktari wa wanawake huko Boston, Marekani, aliwapa homoni mfululizo kwa miezi mitatu wanawake waliokuwa wakitafuta watoto. Damu yao ilikatika, na wengi wao wakaamini kwamba wamepata mimba. Walipoambiwa sivyo, walihuzunika mno. Mwenzake, mwanasayansi Gregory Pincus, akamshauri awape dawa kwa siku 20 kisha aikatize, damu ionekane, mtu asijidanganye. Mtindo huo ndio ulioingizwa katika majaribio ya Puerto Rico mwaka 1956, na katika kidonge cha kwanza kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1960. Baadaye Rock, aliyekuwa Mkatoliki wa dhati, alishikilia kwamba dawa inayofuata mwendo wa maumbile namna hiyo haina cha kupingwa na Kanisa. Papa Paulo VI hakukubaliana naye, na waraka wake wa mwaka 1968 ulilifunga jambo. Lakini mapumziko ya siku saba yalibaki katika pakiti, na yamo hadi leo, ingawa sababu zake zimekwisha kusahauliwa.

Kwa hiyo mwanamke wa Kiboko anayeogopa kuviruka vidonge vya kahawia anaogopa kuivunja kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kuwatuliza nyoyo watu wengine, kwingine, wakati mwingine. Wataalamu wa Edinburgh walikwisha kuijaribu njia ya kumeza vidonge miezi mitatu mfululizo mwaka 1977, kwa wanawake 196, na wengi wao waliipenda. Marekani iliidhinisha pakiti ya vidonge 84 mfululizo mwaka 2003, na ile ya mwaka mzima bila ya mapumziko mwaka 2007. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2014 hayakuona tofauti kubwa kati ya njia hizo na ile ya zamani, ama katika kuzuia mimba ama katika usalama. Na mwaka 2019 chuo cha madaktari wa afya ya uzazi cha Uingereza kilitamka waziwazi kwamba siku saba zile hazina faida yoyote ya kiafya.

Zaidi ya kukosa faida, siku hizo ndizo mahali dhaifu pa kinga yenyewe. Zikifika saba, ovari huwa zimeanza kuamka. Mwanamke akichelewa kuanza pakiti mpya, kwa kuwa alisafiri, au dawa zimekwisha kituoni, au muuguzi hayupo, mapumziko hurefuka hadi siku tisa au kumi, na hapo ndipo mimba inapopata mlango. Kusahau kidonge katikati ya pakiti si hatari kama kukisahau kile cha kwanza. Hili nalo wachache huambiwa.

Kuna pingamizi ninayoisikia mara kwa mara, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima: kwamba kutoka damu kila mwezi ndiyo maumbile, na kwamba bibi zetu waliishi hivyo. Sidhani kwamba waliishi hivyo. Mtaalamu wa Kimarekani, Beverly Strassmann, aliishi miongoni mwa Wadogon wa Mali, watu wasiotumia dawa za uzazi, na hesabu zake zilionyesha kwamba mwanamke wa huko huingia mwezini yapata mara 100 tu katika maisha yake yote. Mwanamke wa mjini siku hizi hukadiriwa kufikia mara 400. Tofauti hiyo inatokana na mimba na kunyonyesha. Hapa kwetu, utafiti wa uzazi wa mwaka 1977 na 1978 ulipata wastani wa watoto wanane kwa kila mwanamke wa Kenya. Mtu aliyezaa wanane na kumnyonyesha kila mmoja kwa miaka miwili alikuwa na miezi mingapi ya kuiona damu? Bibi zetu walikaa bila ya hedhi kwa miaka mingi kwa sababu walikuwa wajawazito au wakinyonyesha, na wengine walikufa wakijifungua. Siwaonei wivu. Nasema tu kwamba mwezi unaokuja bila ya kukosa, miaka 30 mfululizo, si urithi wa mababu kama tunavyodhani.

Na wazo la kuuahirisha mwezi kwa dawa si geni kwa Waswahili. Ukiiteremka barabara hiyo hiyo ya Kiboko mpaka mwisho wake, utafika Mombasa, na huko, kama ilivyo Lamu na Unguja, utawakuta wanawake waliolifanya jambo hili wala hawakuliona kuwa ni la kizungu. Mwanamke anayekwenda kuhiji, ambaye huenda ameweka akiba miaka kumi, akiingia mwezini akiwa Makka huruhusiwa kuzifanya ibada nyingi, lakini hawezi kuitufu Al-Kaaba mpaka atoharike. Safari ina tarehe, na ndege haimngojei. Hivyo wengi humwendea daktari kabla ya kuondoka. Wengine hufanya hivyo kwa ajili ya Ramadhani, wapate kuikamilisha funga pamoja na jamaa zao bila ya kubaki na siku za kulipa. Wanazuoni wengi wamelikubali jambo hilo maadamu halina madhara kwa mwili, ingawa wapo wanaoona ni bora mwanamke auache mwezi wake uje. Hukumu hiyo nawaachia wenyewe. Ila wanaopewa dawa ya projestojeni peke yake kwa ajili hiyo, ile ya kumeza mara tatu kwa siku, wafahamu kwamba haihesabiwi kuwa kinga ya mimba.

Kwa watu wa mwambao na wa Tanzania, vidonge hivi viliitwa pia dawa za majira, kutokana na uzazi wa majira. Nalipenda neno hilo kuliko yote tuliyoyatunga katika uwanja huu. Majira ni nyakati, ni misimu, na ni mtu anayejua wakati wa kupanda na wakati wa kungoja. Lugha iliyoweza kuyatoa majira haishindwi kuitofautisha damu ya hedhi na damu ya dawa. Mimi ningeiita damu ya mapumziko, kwa kuwa hutoka mwanamke anapopumzika vidonge. Anayetaka kuona damu ya mapumziko kila mwezi ana haki yake. Wengine huitumia kujihakikishia kwamba hawana mimba, ingawa si hakikisho kamili. Asiyeitaka ajue kwamba hakuna kitu alichokizuia ndani.

Hayo yote hayana maana kwamba kidonge ni peremende. Nasema hili kwa ukali kwa sababu maduka ya dawa ya kando ya barabara zetu yanaviuza bila ya kumwuliza mnunuzi neno. Estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa. Hatari hiyo ni ndogo kwa msichana mwenye afya, lakini ni kubwa kwa mwenye shinikizo la juu la damu, kwa mvutaji sigara aliyepita umri wa miaka 35, kwa aliyewahi kugandwa na damu mguuni au mapafuni, na kwa mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kumetameta machoni. Mama aliyejifungua karibuni naye ana vidonge vyake vingine, visivyo na estrojeni, ambavyo tangu mwanzo havina wiki ya mapumziko. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huidhoofisha kinga ya kidonge, na vivyo hivyo baadhi ya dawa za kifafa na za virusi vya Ukimwi. Ndiyo maana mwanamke hupimwa shinikizo la damu na kuulizwa maswali kabla ya kupewa, aruke wiki ya mapumziko au asiiruke. Na kile kidonge cha dharura, P2, ambacho vijana wetu wamekifanya cha kila wiki, hakikutengenezwa kwa kazi hii wala hakimwepushii mtu mwezi. Aghalabu huuvuruga tu. Wala hakuna kidonge kati ya vyote hivi kinachozuia maambukizi, jambo ambalo katika miji inayolaza madereva wa malori halihitaji maelezo mengi.

Anayeamua kuruka atazamie matone ya damu katika miezi ya mwanzo. Hayo huwatia hofu wengi wakaacha. Kwa kawaida hupungua kadiri mwili unavyozoea. Yakizidi, na akiwa amekwisha kumeza vidonge vya homoni angalau siku 21, anaweza kupumzika siku tatu au nne kisha akaendelea. Kwa mwenye damu nyingi inayomwachia upungufu wa damu kila mwezi, au maumivu ya kumlaza kitandani, njia hii inaweza kuwa tiba.

Lakini kuna jambo linalonisumbua katika maneno ya yule mama wa Kiboko. Alitaka kuruka kwa sababu choo kiko mbali. Mwanamke wa Nairobi mwenye bafu na maji ya bomba anaporuka mwezi wake amechagua. Mwanamke anayevuna vitunguu vya mtu mwingine kutwa nzima bila ya mahali pa kujisitiri, au anayegawana mtungi mmoja wa maji na watoto watano, yeye amesukumwa. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria inayoilazimu serikali kuwapa sodo za bure wasichana wa shule. Sheria ni nzuri. Sodo bila ya maji, bila ya choo chenye mlango na bila ya mahali pa kuitupa ni nusu ya msaada. Sitaki kuona siku ambayo mwajiri au mwalimu mkuu atamshauri mwanamke ameze dawa ili yeye asijenge choo.

Sasa nirudi kwenye hesabu, maana huko ndiko njia hii itakakokwama hata tukikubaliana juu ya maneno. Anayefuata mapumziko hutumia pakiti 13 kwa mwaka. Anayeruka hutumia 17, na karibu nusu ya nyingine. Mwanamke akipewa pakiti tatu na kuandikiwa tarehe ya kurudi kwa hesabu ya siku 84, ilhali anaruka, dawa zitamwishia siku ya 63, na atakaa wiki tatu bila ya kinga akiamini yumo salama kwa sababu kadi yake inasema hivyo. Akienda mapema, atajibiwa kwamba siku yake haijafika. Na huu si wakati wa neema: mwaka 2025, Marekani ilipoikata misaada yake, dawa za kupanga uzazi zenye thamani ya karibu dola milioni 10, nyingi zikiwa zimekusudiwa Afrika, Kenya ikiwamo, zilizuiliwa katika bohari nchini Ubelgiji. Wizara na serikali za kaunti zinunue zenyewe, na zinunue kwa kuhesabu pakiti 17 kwa wale watakaotaka. Mpaka hapo, muuguzi anayempa mama pakiti tatu amwulize jambo moja tu kabla ya kuandika tarehe: vile vya kahawia, unavimeza au unaviruka?